Fredrik Paasche na Mashairi Yaliyobatizwa

Mwaka wa 1914, wakati vita kubwa ya kwanza ilipoanza kuchoma Ulaya, kijana mmoja wa inchi ya Norwe alitoa kitabu kilichompa cheo cha udoktori. Kijana huyo aliitwa Fredrik Paasche, naye alikuwa na umri wa miaka 28. Kitabu chake kiliitwa Kristendom og kvad, maana yake katika lugha yetu: Ukristu na Mashairi. Mtu akisikia jina hilo atasema: hayo ni mambo ya wataalamu, tuwaachie wenyewe. Hata sisi tulisema hivyo mara ya kwanza. Lakini ndani ya kitabu kile mna swali moja ambalo padri aliyezaliwa katika taifa lililobatizwa juzi hawezi kulipita bila kusimama. Taifa linapopokea ubatizo, nyimbo zake za zamani zinakwenda wapi? Zinakufa? Zinajificha? Ao zinaingia majini pamoja na mwimbaji?

Tulipokuwa seminarini, mwalimu mmoja mwenye moyo mwema alitufundisha kwamba nyimbo za masifu za wazee wetu ni mali ya giza, na mwimbaji akibatizwa inafaa anyamaze. Mwalimu mwingine, mwenye moyo mwema vilevile, alitufundisha kinyume: tutwae sauti za wazee, tuweke ndani maneno matakatifu, basi kazi imekwisha. Tuliandika maneno ya wote wawili katika daftari moja, tukafanya mtihani, tukapita. Lakini hakuna aliyetuonyesha hata taifa moja ambamo jambo hilo limekwisha fanyika tangu mwanzo mpaka mwisho, hata mtu aweze kulitazama kwa utulivu na kuona ni nini kilichopotea na ni nini kilichopona. Paasche alitumia maisha yake kulitazama taifa la namna hiyo. Hakuwa padri, wala inchi yake si ya Kikatoliki tangu mwaka wa 1537, mfalme wa Denmark alipoiingiza huko dini ya Luther. Hata hivyo tunaona ni haki kumleta katika kurasa hizi.

Alizaliwa Bergen tarehe 1 Aprili 1886. Bergen ni bandari ya upande wa magharibi, mji wa mvua, wa samaki na wa wafanya biashara. Siku zile Norwe haikuwa na mfalme wake peke yake. Kwa karne nyingi ilikuwa chini ya Denmark, mpaka mwaka wa 1814. Kisha ikaunganishwa na Uswidi chini ya mfalme mmoja. Ilijitenga mwaka wa 1905, bila vita, Paasche akiwa na miaka 19. Tufahamu basi hali ya vijana wa wakati ule. Lugha waliyoiandika mijini ilikuwa karibu sawa na ile ya Denmark. Walipouliza, Sisi ni nani?, walipaswa kurudi nyuma miaka mia sita na zaidi, mpaka zamani zile ambapo wafalme wa Norwe walikuwa wafalme kweli, na lugha ya kale iliandikwa juu ya ngozi za ndama. Ndiyo sababu mwalimu wa maandiko ya kale hakuhesabiwa huko kuwa mtu wa kuchezea vumbi. Alikuwa kama mzee anayeitwa siku ya kugawa urithi, kusudi aseme shamba la nani lilianzia wapi.

Maandiko yale mengi hayakukaa Norwe yenyewe. Yalikaa Islandi, kisiwa cha mbali katikati ya bahari, ambacho watu wengi kutoka Norwe walihamia tangu mwaka wa 870 hivi. Kule hakukuwa na mfalme, bali baraza la watu; na baraza hilo, karibu mwaka wa 1000, liliamua kwamba watu wote wabatizwe. Waislandi walipenda kusimulia na kuandika kupita ndugu zao wa bara. Kwa hiyo anayetaka kusoma habari za wafalme wa Norwe anazisoma katika vitabu vya Islandi.

Sasa tueleze kidogo juu ya watungaji wenyewe, kwa maana bila wao hatutafahamu kazi ya Paasche. Mtungaji wa masifu waliita skald. Sisi tutasema skaldi. Skaldi alisimama mbele ya mfalme na mbele ya askari wake, akatoa shairi la vita zake, za ukarimu wake, za ukoo wake. Akipendeza alipewa pete ya dhahabu, ao upanga, ao merikebu. Wasomaji wetu waliokulia karibu na wasifu wa machifu hawatashangaa. Lakini sheria za shairi lile zilikuwa kali ajabu. Silabi zilihesabiwa, herufi za mwanzo zilipaswa kuitikiana, ndani ya kila mstari sauti zilipaswa kugongana pahali palipowekwa. Tena skaldi hakuita kitu kwa jina lake. Merikebu aliiita farasi wa bahari. Vita aliiita tufani ya mikuki. Dhahabu aliiita moto wa maji, ao nywele za Sif, ao machozi ya Freyja.

Hapo ndipo shida ilipolala. Sif na Freyja walikuwa miungu ya kike. Ili msikilizaji ajue kwamba nywele za Sif ni dhahabu, alipaswa kujua hadithi: namna nywele za Sif zilivyokatwa kwa hila, na namna alivyofanyiziwa nyingine za dhahabu. Ufundi wote wa shairi ulikuwa umeshonwa pamoja na miungu, kama ngozi inavyoshonwa juu ya ngoma. Mkataze skaldi kutaja miungu, umemwondolea nusu ya maneno yake. Mwache aitaje, umembatiza bure. Mfalme ambaye amekwisha kubatizwa afanye nini na mtu wa namna hii?

Swali hili halikuwa la vitabuni. Lilimpata mtu mwenye jina, Hallfred wa Islandi, aliyemtumikia mfalme Olav Tryggvason kati ya mwaka wa 995 na 1000. Mfalme huyo alikuwa mkali. Wengi walibatizwa kwa kuogopa upanga wake, nasi tusifiche jambo hilo. Hallfred alikubali ubatizo kwa sharti moja: mfalme mwenyewe awe baba yake wa ubatizo. Mfalme akakubali. Kisha Hallfred akaleta shairi la kumsifu, mfalme akakataa kulisikiliza. Skaldi akamjibu kwamba kama ni hivyo, naye ataanza kuyasahau mafundisho ya dini aliyofundishwa, kwa maana hayapendezi kupita shairi lake. Mfalme akacheka, akasikiliza, akampa jina la skaldi msumbufu, na jina hilo limemkaa mpaka leo. Lakini mashairi ya Hallfred juu ya kuiacha miungu hayana mzaha. Anakiri kwamba jamaa zake wote walitunga ili wapate upendeleo wa Odin, mungu wa mashairi. Anasema kwamba si rahisi kumchukia mtu ambaye baba zako waliishi kwa fadhili yake. Naye anamwacha, kwa kuwa sasa anamtumikia Kristu na kwa kuwa mfalme ametaka hivyo. Sisi tuliobatiza watu wazima tumekwisha kuona uso wa namna hiyo. Mtu anasema ndiyo, na ndiyo yake ni ya kweli, lakini macho yake yanatazama nyuma kwa huzuni.

Mwingine ni Eilif. Huyu alikuwa ametunga shairi kubwa la kumsifu Thor, mungu wa ngurumo, anayepiga majitu kwa nyundo. Tena yamebaki maneno yake machache juu ya Kristu. Na namna gani anavyomsifu Kristu? Anamwita mfalme wa Roma, anamweka aketi upande wa kusini karibu na kisima cha Urd, kisima ambacho wapagani walisema majaliwa ya watu yanatoka pale, tena anasema ameshinda inchi za majitu. Tazama basi. Kazi ya Thor imehamishwa yote nzima, akapewa Kristu. Mwalimu wetu wa pili angalifurahi sana. Lakini mtu anayesikia maneno yale anajiuliza kama Eilif alimpokea Bwana mpya, ao alimpa Thor jina jipya. Hatuwezi kuhukumu kwa mistari minne.

Baada ya watu hao, mambo yaliendelea polepole. Kwa muda wa zaidi ya miaka mia, maskaldi waliendelea kusifu wafalme, lakini majina ya miungu yalipungua katika mashairi yao. Hawakunyamaza, walijihadhari. Sigvat, skaldi wa mfalme Olav Haraldsson, alikuwa amekwenda Roma kuhiji wakati bwana wake alipouawa katika vita ya Stiklestad tarehe 29 Julai 1030. Alirudi akatunga kilio juu yake, na maneno yake yametulia, hayana miungu ndani, lakini yana uchungu wa mtu aliyempoteza mkubwa wake. Nyuma ya mwaka mmoja tu Olav alihesabiwa kuwa mtakatifu, na kaburi lake katika mji wa Nidaros likawa pahali pa kuhiji kwa watu wa Kaskazini wote.

Kisha ukafika mwaka wa 1153 hivi. Nidaros ilikuwa imekwisha kupata askofu mkuu wake wa kwanza, kwa mkono wa Kardinali Nicholas Breakspear, Mwingereza, ambaye mwaka wa 1154 alifanywa Papa Adriano wa Nne. Ndani ya kanisa kubwa, mbele ya askofu mkuu na mbele ya wafalme watatu ndugu waliotawala pamoja, akasimama padri mmoja wa Islandi, Einar Skulason, akatoa shairi la beti 71 juu ya Mtakatifu Olav. Shairi hilo linaitwa Geisli, maana yake mwali wa jua. Kristu ni jua. Olav ni mwali uliotoka katika jua hilo. Sheria za zamani zote zimo: silabi, kuitikiana kwa herufi, kugongana kwa sauti. Na aliyelitunga ni padri.

Tangu Hallfred mpaka Einar ni miaka zaidi ya 150. Tunawaomba wasomaji washike hesabu hiyo, kwa maana sisi katika inchi zetu tunapenda kufanya kazi hiyo katika mwaka mmoja, kwa halmashauri.

Mbele ya Paasche, wataalamu wengi walipita mashairi haya ya Kikristu kwa haraka. Walitafuta upagani. Shairi likitaja Odin, walilipima na kulipangusa kama lulu. Likimtaja Bikira Maria, walisema ni maneno ya mapadri yaliyogeuzwa kutoka Kilatini, halina thamani kwa taifa. Paasche alifanya jambo ambalo ni rahisi kulisema, lakini linataka miaka ya kazi. Alichukua mashairi yale kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili akachukua mahubiri ya zamani, nyimbo za Kilatini na sala za ibada, akaviweka kando kando. Hapo akaona mifano ya maskaldi ilikotoka. Jua la Einar lilitoka katika Maandiko, katika nabii Malakia, likapita katika mahubiri, likafika kwa padri wa Islandi, naye akalifunga katika mstari kwa ufundi wa baba zake. Basi skaldi yule hakuwa kasuku wa Kilatini. Alikuwa mtu aliyesikia Injili kwa masikio mawili, moja la Kanisa na moja la ukoo wake.

Kwa kazi hiyo Paasche alipaswa kusoma vitabu ambavyo watu wa universite hawavipendi. Sisi mapadri tunajua mahubiri ya kale ni chakula kikavu. Yeye hakuchoka. Hata mwaka wa 1935, alipokuwa mtu mwenye jina kubwa, ndiye aliyesimamia kutolewa kwa picha za kitabu cha mahubiri ya Islandi kilichoandikwa karibu mwaka wa 1200 na kutunzwa Stockholm, akaandika maneno ya kukitangulia.

Kuna mashairi mawili mengine ambayo hatuwezi kuyaacha. La kwanza linaitwa Solarljod, Wimbo wa Jua. Mtungaji wake hajulikani. Wengi wanafikiri ni wa karne ya 13. Baba aliyekufa anamtokea mwanawe, anamweleza namna alivyoishi, namna alivyolitazama jua kwa mara ya mwisho saa ya kufa kwake, na mambo aliyoyaona ng'ambo: mateso ya waovu na raha ya wenye haki. Mafundisho yote ni ya Kanisa. Lakini mwendo wa shairi ni ule ule ambao watu wa kale waliuweka katika kinywa cha Odin alipofundisha hekima. Mzee aliyekufa anamfundisha mwanawe kwa sauti ambayo zamani ilikuwa ya mungu wa uongo, na hakuna anayeshtuka.

La pili ni Lilja, Yungiyungi, la karne ya 14, shairi la beti 100 juu ya wokovu wote, tangu kuumbwa kwa malaika mpaka hukumu ya mwisho, kwa heshima ya Mama wa Mungu. Paasche aliligeuza katika lugha ya Norwe ya siku zake mwaka wa 1915. Mtungaji ni mtawa aliyeitwa Eystein. Vitabu vya kumbukumbu vya Islandi vinasimulia kwamba mwaka wa 1343 ndugu Eystein wa nyumba ya watawa ya Thykkvabaer alifungwa kwa minyororo kwa sababu alimpiga abati wake. Wengi wanaamini ndiye yule yule, wengine wanakataa. Kama ndiye, waseminari wamwige katika beti tu.

Lakini jambo kubwa la Lilja ni hili: Eystein alikataa mafumbo. Alitaka watu wafahamu. Farasi wa bahari, moto wa maji, machozi ya Freyja, yote aliyaweka kando, akasema kwa maneno ya wazi. Na mdundo aliouchagua? Ni ule wa masifu makubwa ya wafalme. Waislandi wana msemo kwamba kila mtungaji angalitamani kuwa ndiye aliyetunga Lilja. Hivyo wa kwanza katika waalimu wetu alikuwa na haki kidogo, kwa maana kitu fulani kilikufa kweli. Na wa pili alikuwa na haki kidogo, kwa maana kitu fulani kilipona. Ila hakuna mmoja wao aliyetwambia kwamba anayechagua ni mtungaji mwenyewe, wala si halmashauri, na kwamba anachagua baada ya kuijua kazi ya baba zake kwa ukamilifu. Eystein aliacha mafumbo akiwa anayaweza.

Na mafumbo yenyewe, ni nani aliyeyaokoa? Mkristu. Snorre Sturlason wa Islandi, aliyezaliwa 1179 na kuuawa nyumbani kwake 1241, aliandika karibu mwaka wa 1220 kitabu kinachoitwa Edda kusudi vijana wanaojifunza kutunga wafahamu maneno ya wazee. Ndani yake alisimulia hadithi za Thor, za Odin, za Sif, bila kuziamini na bila kuzitukana. Wakati ule hakuna tena mtu aliyeiabudu miungu ile. Basi majina yake yalirudi katika mashairi kama mapambo, kama ngao ya zamani inayotundikwa ukutani. Leo watu wanaotaka kujua dini ya kale ya Kaskazini wanakunywa zaidi katika kisima cha Mkristu huyo. Paasche aliandika kitabu juu yake na ukoo wake mwaka wa 1922. Ukoo ule ulikuwa wa ugomvi, wa tamaa na wa damu. Snorre mwenyewe hakuwa mtakatifu hata kidogo.

Mwaka wa 1920 Paasche alifanywa profesa katika universite ya Kristiania, mji ambao tangu 1925 unaitwa Oslo. Mwaka huo pia alitoa kitabu juu ya mfalme Sverre, aliyekufa 1202. Sverre alikulia katika visiwa vya Faroe, akapewa upadri, kisha akaacha altare akatwaa upanga, akawa mfalme, akapigana na maaskofu mpaka akatengwa na Kanisa. Habari zake zataka makala yao zenyewe.

Rafiki yake katika kazi alikuwa Francis Bull, aliyezaliwa 1887, naye pia profesa tangu 1920. Hao wawili walianza kuandika historia kubwa ya maandishi ya Norwe, na baadaye A. H. Winsnes akaungana nao. Paasche alichukua kitabu cha kwanza, kilichotoka 1924: maandishi ya Norwe na Islandi mpaka mwisho wa Enzi za Kati. Bull akachukua karne zilizofuata. Miaka ile ile Sigrid Undset alitoa riwaya yake ya Kristin Lavransdatter, vitabu vitatu kati ya 1920 na 1922, akaingia Kanisa Katoliki mwaka wa 1924, akapata zawadi ya Nobel mwaka wa 1928. Watu wa Norwe walikuwa wanaanza kuona kwamba karne zao za Kikatoliki hazikuwa usiku mtupu kati ya Odin na Luther.

Tunalo jambo moja la kunung'unikia, nalo si kosa la Paasche peke yake. Maandiko ya kale yanasema habari za wafalme, za maskaldi, za mapadri na za wenye mashamba. Mtumwa aliyevuta makasia, mama aliyemfundisha mtoto sala yake ya kwanza, hao karibu hawana sauti. Tunajua namna Hallfred alivyomwacha Odin. Namna mke wa mvuvi alivyomwacha Freyja, hakuna shairi linalotwambia.

Basi tufike kwenye miaka ya 1930, ambapo kazi ya kimya ya vitabu iligeuka kuwa kazi ya hatari. Hitler alitwaa mamlaka katika Ujerumani mwezi wa Januari 1933. Tarehe 17 Mei ya mwaka ule Vidkun Quisling alianzisha chama chake katika Norwe. Watu hao walidai kwamba urithi wa Kaskazini ni mali yao. Himmler aliunda mwaka wa 1935 chama cha wataalamu wa kuchimba habari za mababu wa Kijerumani, kusudi zitumikie mafundisho ya damu. Walihubiri kwamba damu ya Kaskazini ni bora kupita damu zote, na wengi kati yao walisema kwamba Ukristu ni kitu kigeni kilichotiwa kwa nguvu katika roho ya watu wa Kaskazini, na kwamba roho yao ya kweli ni ya kipagani, ya vita na ya ukoo. Quisling naye aliwapa askari wa chama jina la Hird, jina la kale la walinzi wa mfalme, wale wale waliosikiliza maskaldi. Kwa alama ya chama alitwaa msalaba katika duara ya jua, akauita wa Mtakatifu Olav.

Mtu akitwaliwa nyumba yake na mnyang'anyi, huenda akanyamaza kwa kuogopa. Paasche hakunyamaza. Yeye aliyekuwa amesoma maandiko yale neno kwa neno alisema waziwazi, kwa hotuba na kwa maandishi, kwamba Unazi ni adui wa haki na wa utu wa watu. Wako waliomwona kuwa amezidi. Katika miaka ile wengi walifikiri kwamba mwalimu wa mambo ya kale afadhali akae na ngozi zake za ndama. Lakini tufikiri. Nani mwingine aliyeweza kujibu? Mwanasiasa angalisema Unazi ni mbaya. Paasche aliweza kufungua vitabu vyenyewe. Wanasema Ukristu ulikuwa mgeni tu? Basi Einar, padri aliyesimama mbele ya wafalme watatu, alikuwa mgeni kwa nani? Wanasema roho ya Kaskazini ni ya kipagani? Hadithi za wapagani zenyewe zilitunzwa na kalamu za Wakristu. Ukiwaondoa Wakristu katika urithi ule, unabaki na mawe machache yenye maandishi na kaburi za merikebu. Hatusemi kwamba hayo ni maneno yake mwenyewe. Tunasema ni matunda ya mti alioupanda mwaka wa 1914, wakati hakuna aliyejua mti huo utahitajiwa kwa vita gani.

Tarehe 9 Aprili 1940 askari wa Ujerumani walivamia Norwe. Paasche aliishi Uswidi, katika mji wa Uppsala, na kufundisha huko. Uswidi haikuingia vitani, na Wanorwe wengi walikimbilia kwake. Mwenye kukumbuka hesabu ya miaka ataona ajabu: kijana aliyekuwa na miaka 19 siku inchi yake ilipojitenga na Uswidi, sasa alikuwa mgeni aliyehifadhiwa na Uswidi. Mwaka wa 1941 alitoa katika universite ya Uppsala mfululizo wa mafundisho juu ya neno lile lile alilolianza ujanani: namna upagani na Ukristu zilivyokutana katika Kaskazini.

Wakati huo rafiki yake Bull alikuwa kifungoni. Wajerumani walimshika mwaka wa 1941, wakamtia katika kambi ya Grini, karibu na Oslo, naye alikaa huko mpaka 1944. Hakuwa na vitabu. Alifunga macho, akawasimulia wafungwa wenzake habari za watungaji wa Norwe kutoka kichwani mwake, jioni kwa jioni, na hotuba kumi na tatu kati ya hizo zilichapwa mwaka wa 1945. Tunapenda kuwafikiria watu hawa wawili saa moja ya usiku: mmoja katika chumba cha universite ya kigeni, mwingine kati ya vitanda vya wafungwa, na wote wawili wanasema mashairi ya watu waliokufa mbele ya watu wanaotaka kuishi.

Paasche hakuona mwisho wake. Alikufa Uppsala tarehe 1 Septemba 1943, akiwa na miaka 57. Nyuma ya miezi mitatu, tarehe 30 Novemba, Wajerumani waliifunga universite ya Oslo na kushika wanafunzi zaidi ya elfu moja. Norwe ilipata uhuru wake Mei 1945.

Kitabu chake cha historia ya maandishi kilitolewa tena mwaka wa 1957, kwa mikono ya wengine waliokitengeneza. Mwaka uliofuata, 1958, mafundisho aliyoyatoa Uppsala yalichapwa Oslo, kwa jina la Møtet mellom hedendom og kristendom i Norden. Mwenye kuyatoa alikuwa amekwisha kulala miaka 15.